Somo: Kuku Anapougua

Watoto wengine wanaletwa hospitali miguu imevimba na nywele zimekuwa nyekundu, kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Wanapopona tunawaambia mama zao: "Nyumbani mpe mtoto yai." Lakini yai litatoka wapi, kama kuku wa kijiji wamekwisha? Basi, tujifunze kuwatunza.

1. Kumjua mgonjwa

Asubuhi unapofungua nyumba ya kuku, simama uangalie. Kuku mzima hutoka mbio kutafuta chakula. Mgonjwa anabaki nyuma, mabawa yameshuka, macho yanafumba. Mtenge siku ile ile.

2. Magonjwa na matunzo

(a) Vifaranga wanahara damu. Vijidudu vya ugonjwa huu hupenda unyevu. Ondoa mavi, kausha nyumba, na umwombe mganga wa mifugo dawa ya kutia katika maji.

(b) Vidonda vya kishungi na uso. Ni ndui ya kuku, mbu huieneza. Haina dawa. Osha vidonda kwa maji ya chumvi, wengi hupona.

(c) Magamba manene miguuni. Wadudu wadogo sana wamo chini yake. Osha kwa sabuni, kisha paka mafuta. Rudia mpaka magamba yaanguke.

(d) Mavi ya kijani, kuhema kwa shida, shingo kupindika, na kuku wengi kufa kwa siku chache. Ugonjwa huu unaitwa Newcastle. Hakuna dawa ya kuuponya. Iko chanjo tu: tone moja jichoni, kila miezi 3 au 4, kuku wakiwa wangali wazima.

3. Jihadhari na jaribu hili

Mtu akiona kuku wanaanza kufa, husema moyoni: "Niwapeleke sokoni upesi." Ndugu, huko ni kumwibia jirani. Ananunua kuku mmoja, naye ataua kuku wote wa uani kwake. Pengine yeye ndiye mama wa mtoto yule aliyevimba. Usiuze, wala usile. Waliokufa uwachome au uwazike chini sana, kisha nawa mikono kwa sabuni. Na kuku uliyenunua akae peke yake wiki 3.

Maswali

1. Kuku mgonjwa anajulikanaje asubuhi?
2. Chanjo inatiwa wapi, na kwa kuku gani?
3. Kuku wako wakianza kufa, utamfanyia jirani nini?