Feni ya Mtambo wa Kupozea Maziwa Ikisimama

Kila mkulima wa skimu anayefuga ng'ombe wa gredi anajua ya kuwa kukamua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyafikisha maziwa kwa mnunuzi yakiwa mazuri. Kwa sababu hiyo vyama vingi vya ushirika vimeweka mtambo wa kupozea maziwa katika vituo vyao. Mtambo huo ni friji kubwa, nao unategemea kitu kidogo ambacho watu wengi hawakiangalii, yaani feni. Katika somo hili tutajifunza namna ya kutambua ubovu wa feni hiyo, na jambo la kufanya kabla maziwa hayajaharibika.

KAZI YA FENI

Maziwa yakitoka kiweleni huwa na joto la digrii 38 hivi. Vijidudu vilivyomo huzaana upesi katika joto hilo. Vingine huongezeka mara mbili kila dakika 20 au 30. Maziwa yakipozwa mpaka digrii 4 vijidudu havifi, lakini huzaana polepole sana.

Joto la maziwa halipotei bure. Lazima litolewe nje. Kompresa hushindilia gesi, na gesi ikishindiliwa hupata moto. Gesi hiyo hupita katika mabomba ya kondensa, yenye mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Feni hupitisha hewa hapo ili joto litoke. Gesi ikipoa hugeuka kuwa majimaji, nayo ikifika ukutani mwa tangi huwa gesi tena na kuchukua joto la maziwa.

Basi feni ikisimama, joto halina pa kwenda. Nguvu ya gesi huzidi, kompresa hupata moto kupita kiasi, na swichi ya usalama huizima. Ikipoa huwaka tena, kisha huzimwa tena. Mtambo wa namna hii humdanganya mtunzaji, maana hunguruma mara kwa mara kana kwamba unafanya kazi, lakini kipimajoto cha tangi hakishuki.

KABLA YA KUGUSA

Umeme wa volti 240 huua, na sakafu ya kituo cha maziwa mara nyingi ni maji matupu. Kwa hiyo zima swichi kubwa ya ukutani, na kama kuna plagi ichomoe. Weka kibao au mtu hapo ili mwingine asiwashe. Kausha mikono, vaa viatu. Usitie kidole katika feni iliyosimama wakati umeme uko, kwani yaweza kuanza ghafula. Tena usifungue bomba lolote la gesi. Hiyo ni kazi ya fundi wa mafriji peke yake.

KUTAFUTA UBOVU

1. Sikiliza kwanza, bila kugusa. Kama kompresa na feni zote zimenyamaza, huenda feni haina kosa. Tazama kama umeme upo, kama fyuzi ni nzima, na kama tangi limekwisha kufika baridi inayotakiwa. Katika mitambo mingine feni hungoja mpaka nguvu ya gesi ipande ndipo ianze, hasa asubuhi ya baridi. Lakini kompresa ikinguruma, kondensa ikawa ya moto, na feni haizunguki, ubovu uko upande wa feni.

2. Zima umeme, kisha zungusha mapanga ya feni polepole kwa mkono. Yakikwama, tafuta nyasi, kamba, kiota cha panya au panga lililopindika. Ondoa kilichozuia. Kama hakuna kitu, na bado yazunguka kwa uzito, beringi za mota zimekauka au zimekwisha. Shika katikati ya mapanga uyatikise. Yakicheza huku na huku, beringi zimelika. Kama mapanga yazunguka lakini shafti ya mota yabaki palepale, skurubu inayoyashika imelegea.

3. Mapanga yakiwa mepesi, na mota haitoi sauti yoyote umeme ukiwashwa, mota haipati umeme au imeungua ndani. Zima tena, utazame nyaya kwa macho: panya hupenda kuzitafuna, na viungo vilivyolegea huungua na kuwa vyeusi. Harufu ya kuungua ni dalili ya waya wa shaba wa ndani ulioharibika. Kupima kwa mita ya umeme mwachie fundi. Yeye atajua kama umeme unafika kwenye mota, na kama waya wa ndani umekatika.

4. Mota ikivuma lakini haizunguki, na mapanga ni mepesi, huenda kapasita imekufa, ikiwa mota ni ya aina yenye kapasita. Umeme mdogo waweza kuleta dalili hiyo hiyo. Taa zikififia, mwambie fundi. Usiisukume feni kwa kijiti ili ianze. Hata ikianza, kesho itasimama tena. Wala usiguse ncha za kapasita, kwa sababu huweka umeme ndani hata baada ya swichi kuzimwa.

5. Feni ikizunguka kwa muda kisha ikasimama, mota inapata moto. Sababu ya kawaida ni beringi kavu, au vumbi lililoziba mabati ya kondensa. Safisha vumbi hilo kwa brashi laini, ukifuata mabati yanavyoelekea, usije ukayakunja. Usimwagie mota maji.

KUNUNUA MOTA MPYA

Mota ndogo ya feni haitengenezwi kwa faida. Mara nyingi ni heri kuweka mpya. Lakini mtu asitumwe dukani na maneno ya mdomo tu. Ang'oe mota ya zamani, au anakili kibao chake: volti, hezi (kwa Kenya ni 240 na 50), wati, mizunguko kwa dakika, na upande inaozungukia. Apime pia unene wa shafti. Feni ikizunguka kinyume, itapuliza hewa vibaya na mtambo hautapoza, ingawa kila mtu ataona feni inazunguka.

Hapa kamati nyingi hukosa. Husema, "Tuuache mtambo uendelee hivyo mpaka mkutano ujao." Jambo hili ni hatari. Kompresa inayowaka na kuzimwa ovyo huungua, na bei yake ni mara nyingi kuliko bei ya mota ya feni. Mbaya zaidi ni mtu anayeunganisha waya ili kuipita swichi ya usalama. Swichi hiyo ndiyo mlinzi wa mali yenu.

MAZIWA YALIYOMO TANGINI

Zima kompresa, lakini mwiko wa kukorogea uendelee kama una swichi yake. Andika joto la maziwa na saa. Mpigie simu mnunuzi siku hiyo hiyo ili lori lije mapema. Usiyachanganye maziwa ya moto na yale yaliyokwisha kupoa. Wanachama waambiwe waweke mitungi yao katika maji baridi, kivulini, na kubadilisha maji kila yanapopata joto. Maji ya milimani yafaa sana kwa kazi hiyo, ingawa hayawezi kufikisha digrii 4. Kabla ya kupokea au kupakia, kila mtungi upimwe kwa spiriti. Maziwa yakiganda, yakataliwe.

Tufanye hesabu. Wanachama 40 wakileta lita 25 kila mmoja, tangi lina lita 1,000. Tangi likichacha, hakuna awezaye kusema, "Yangu yalikuwa mazuri." Wote 40 hukosa malipo ya siku ile, pamoja na mjane mwenye ng'ombe mmoja aliyetegemea fedha hizo kwa karo ya mtoto. Kwa hiyo mtunzaji asiogope kupiga kelele mapema, na kamati isimlaumu kwa kuuzima mtambo. Chama kiweke mota moja ya akiba kabatini, na brashi ipite kwenye kondensa kila mwezi.

MASWALI

1. Kwa nini mtambo waweza kunguruma na bado usipoze?
2. Kompresa na feni zikinyamaza pamoja, utatazama nini kwanza?
3. Mota inavuma lakini haizunguki. Taja sababu mbili.
4. Ni mambo gani yanakiliwa kutoka kibao cha mota ya zamani?
5. Katika kituo chenu, nani anajua swichi kubwa iko wapi? Kama ni mtu mmoja tu, mfundisheni wa pili wiki hii.