Kiatu na Turubai

Muhula huu soli ya kiatu changu iliachia hapa Ruharo, nikienda sala ya Ijumaa. Nilikuwa na shilingi 70,000. Nia ikanijia papo hapo: viatu vipya.

Kisha nikajiuliza: kimeharibika kweli, au naona haya tu? Bi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Mimi hata kushona sijui! Fundi wa barabarani alinitoza 5,000, na hadi leo ninavivaa.

Jioni nikampigia mama, Nakivale. Turubai la paa linavuja juu ya magunia ya mahindi, naye alitaka kulitia kiraka cha nne. Hapo nilikataa. Aya ya 67 ya Suratul Furqan inawasifu wasiofanya israfu wala ubahili. Plastiki iliyochakaa kwa jua haishiki kiraka, na mahindi yakilowa huota kuvu. Kwa hiyo tupime: je, kikitengenezwa kitadumu? Kisipodumu, nani ataumia?

Zilizobaki nikamtumia kwa simu. Mama aliuliza kwanza kama nina viatu.