Injini Itetemayo Gari Lisimamapo: Mipira ya Hewa Ichunguzwe Kwanza

Magari ya miaka ya 1980 na 1990 yaingizayo petroli kwa nozeli badala ya kabureta yangali barabarani, na mengi yana injini nzima. Lakini wenyewe hulalamika juu ya jambo moja: gari lisimamapo njia panda, injini hutetema kama mtu mwenye homa, au mzunguko wake hupanda na kushuka, ama huzimika kabisa. Mara nyingi hubadilishwa plagi, kisha pampu ya petroli, kisha kompyuta hulaumiwa, na fedha huisha kabla kosa halijaonekana. Yafaa kuanza mahali pasipo na gharama, yaani mipira ya hewa.

Pistoni zishukapo huvuta hewa. Mguu usipokuwa juu ya aksela, kilango cha hewa hukaribia kufungwa, na mvuto ndani ya manifoldi huwa mkali. Mvuto huo ndio usaidiao breki na kuondoa mvuke wa oili chini ya injini, na kila kazi ina mpira wake. Joto la miaka 20 au 30 huufanya mpira kuwa mgumu, nao hupasuka nchani, pale uvikwapo kwenye bomba. Hewa ipitayo katika ufa ni kidogo. Lakini injini izungukayo mara 700 au 800 kwa dakika nayo yahitaji hewa kidogo. Kwa hiyo ubaya huonekana hapo, na gari liendapo kasi huenda usionekane kabisa.

Dalili hutegemea namna ya mtambo. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa D-Jetronic, upimao shinikizo ndani ya manifoldi. Katika miaka ya 1970 ikatoa L-Jetronic, upimao hewa iingiayo. Magari mengi ya baadaye, yakiwamo ya Japani, yalifuata mojawapo ya njia hizo. Katika ya kwanza, hewa ya wizi huongeza shinikizo, kompyuta huongeza petroli, na injini huzunguka upesi kupita kiasi. Katika ya pili, hewa ya wizi haikupita kwenye kipimo. Petroli haitoshi, na injini hutetema. Hapo hata kifuniko cha oili kisichoziba chaweza kuleta taabu, ingawa aliyezoea kabureta hudhani ni mzaha.

Kosa kubwa ni kukimbilia bisibisi na kukaza skrubu ya mzunguko, kwani huko ni kuficha ugonjwa. Fundi mwangalifu huacha injini ikizunguka, akashika kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni na nyingine akiipitisha penye viungo, huku akijihadhari na feni na mikanda. Penye ufa husikika sauti kama ya nyoka. Aweza pia kubana mpira mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa: mlio ukibadilika sana, upande ule uchunguzwe. Kunyunyiza petroli juu ya injini yenye moto ili kutafuta ufa ni kutafuta kifo.

Mpira wa breki usiahirishwe hata siku moja, maana ukitoboka dereva hukanyaga kwa nguvu nyingi na gari huchelewa kusimama. Kuupima ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, breki ikanyagwe mara kadhaa, kisha mguu ubaki juu yake na injini iwashwe. Pedali ikishuka kidogo, msaada upo. Isiposhuka, gari lisiende safari. Mpira mpya uwe mnene, wa kazi hiyo hasa, kwani ulio laini hunywea kwa mvuto.

Mipira ibadilishwe mmoja baada ya mwingine, isije ikachanganywa. Ikiwa yote ni mizima na injini bado yasumbua, ndipo kilango cha hewa na vali ya mzunguko wa polepole visafishwe masizi, na gasketi ya manifoldi itazamwe.