Mji wa Wahamiaji: Ishara ya Mahali katika Riwaya ya Siku Njema

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa kuhusu ishara katika Siku Njema (1996), riwaya ya Ken Walibora, aghalabu hukimbilia majina: Kongowea Mswahili, Vumilia, Kazikwisha. Nyumba na miji huachwa kama pazia la jukwaani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhiki ya uhamiaji katika riwaya hii imebebwa na mahali pia, hususan Kitale.

Baada ya kifo cha mamake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, Kongowea anaishi Tanga kwa jamaa. Nyumba hiyo inamsitiri na mvua, haimsitiri na masimango. Kulala analala, lakini hana kwao. Ndipo anaposhika njia kumtafuta babake, na njia hiyo inamfikisha Kitale.

Usomaji uliozoeleka, na ambao ni mwepesi mno, huiona Tanga kuwa ugenini na Kitale kuwa asili. Lakini Kitale ni mji wa namna gani? Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926. Watu wengi waliovuka kutoka upande wa Bungoma waliingia huko kama vibarua na maskwota. Vibanda vyao vilisimama katika ardhi ya mwajiri: kazi ikikoma, makao nayo yamekoma. Kwa msomaji anayeijua historia hiyo, jina Kazikwisha linapata uzito ambao fasiri ya kamusi haiwezi kuupa. Hata baada ya uhuru wa 1963, mashamba yalipogawanywa na kuuzwa, wengi waliojenga huko walikuwa wamekuja kutoka kwingine. Walibora mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 2020, alizaliwa Bungoma akakulia Trans Nzoia.

Kwa hiyo Kongowea anapofika kwa baba hafiki kwenye chimbuko. Anafika katika mji ambao wakazi wake nao walikuja. Hapa ndipo riwaya inapowapinga waliomsimanga kwa kutojua asili yake: kwao kwa mtu si lazima pawe alikozikwa babu. Hoja hii si ndogo Trans Nzoia, ambako swali la nani mwenyeji na nani mgeni limewahi kuchomea watu nyumba, hasa katika ghasia za miaka ya 1991 na 1992.

Kuna ishara nyingine iliyo nje ya kurasa. Katika uwanja wa Klabu ya Kitale pana mduara wa mawe unaosimuliwa kuwa ndipo walipofungiwa watumwa waliosubiri misafara ya kwenda pwani. Iwapo Walibora aliuwazia mduara huo alipokuwa akiandika, riwaya haisemi. Hata hivyo, msomaji wa Kitale hawezi kukosa kuona kwamba Kongowea anaipita njia ile ile kinyumenyume, kutoka pwani kwenda bara, na kwa hiari yake.