Kufunga Stemu ya Kisasa kwenye Foko la Baiskeli ya Zamani

Lengo la somo

Baiskeli iliyotunzwa vizuri hudumu miaka mingi, na mwenye nayo huibadilishia vipuri kimoja baada ya kingine. Katika somo hili tunazungumzia kipuri kimoja tu: kile kipande kinachoushika usukani na kuuunganisha na foko la gurudumu la mbele. Hapa tutakiita stemu. Watumiaji wengi hutaka kuibadilisha ili wainue usukani, wausogeze karibu, au wafunge usukani mpya usioingia kwenye stemu ya zamani.

Kazi hii huonekana ndogo, lakini stemu ikilegea barabarani, mwendeshaji hubaki ameshika usukani usioongoza gurudumu. Kwa sababu hiyo tunapenda msomaji afahamu mambo ya kupima kabla hajatoa fedha yake dukani, na mambo ya kukagua kabla hajaipokea baiskeli kwa fundi.

Aina mbili za stemu

Stemu ya zamani ina shina linaloingia ndani ya bomba la foko. Bolti ndefu hupita katikati ya shina hilo na kuivuta kabari iliyo chini yake, nayo kabari hujibana kwenye ukuta wa ndani wa bomba. Stemu ya kisasa, iliyoenea kuanzia miaka ya 1990, haina shina. Yenyewe hulikumbatia bomba la foko kwa nje na kukazwa kwa bolti za ubavuni.

Bomba la foko la zamani huishia kwenye hesi, na juu ya hesi hiyo hufungwa nati inayodhibiti gololi za usukani. Hakuna sehemu iliyobaki juu ya nati ambayo stemu ya kisasa inaweza kuishika. Hivyo hutumika adapta: upande wa chini ni shina lenye kabari kama la stemu ya zamani, na upande wa juu ni silinda ambayo stemu ya kisasa huikumbatia.

Vipimo vinne kabla ya kununua

Kwanza, kipimo cha shina. Foko nyingi za zamani zina bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 25.4, yaani inchi moja, na shina linaloingia humo ni la milimita 22.2. Foko lenye bomba la milimita 28.6 huhitaji shina la milimita 25.4. Baadhi ya baiskeli za zamani za Ufaransa hutumia milimita 22.0, na baadhi za Marekani milimita 21.15. Tofauti kati ya 22.0 na 22.2 haionekani kwa macho, lakini shina nene likilazimishwa kwa nyundo linaweza kupasua bomba, na shina jembamba halishiki sawasawa. Njia ya uhakika ni kuitoa stemu ya zamani, kuipima shina lake kwa kalipa, na kwenda nayo dukani.

Pili, kipimo cha silinda ya juu ya adapta. Stemu nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa milimita 28.6, lakini ziko adapta zenye milimita 25.4. Namba hizi mbili sharti zilingane.

Tatu, unene wa usukani pale unaposhikwa na stemu. Vipimo vinavyopatikana zaidi ni milimita 25.4, 26.0 na 31.8. Usukani wa milimita 25.4 hautashikwa na stemu ya 31.8 pasipo bushi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande cha bati au cha mpira si bushi.

Nne, urefu wa shina na alama yake. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka shina liwe na alama ya kudumu inayoonyesha kina cha chini kabisa cha kuingiza. Alama hiyo ina sababu. Sehemu ya bomba iliyokatwa hesi ni dhaifu kuliko nyingine, na kabari ikijitanua hapo huweza kuleta ufa. Shina likizamishwa hadi alama ifichike, kabari hubana chini ya hesi, mahali penye chuma kizima.

Baiskeli zisizofaa kubadilishwa

Zile baiskeli nzito zenye breki za fito za chuma badala ya waya zinahitaji tahadhari ya pekee. Kwa kawaida stemu na usukani wake vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na mikono ya breki imefungwa humo humo. Anayeondoa usukani huo huondoa pia mfumo wake wa breki. Tunashauri baiskeli hizo ziachwe na usukani wake wa asili, isipokuwa mwenye nayo amejiandaa kubadilisha breki zote.

Vivyo hivyo, bomba la foko lenye ufa, lililopinda au lililoliwa na kutu ndani halifai kupokea adapta. Hapo kinachohitajika ni foko jingine.

Hatua za kufunga

1. Legeza bolti ndefu ya stemu ya zamani mizunguko mitatu au minne bila kuitoa. Weka kipande cha mbao juu yake na ugonge taratibu hadi kabari iachie. Bolti ikitolewa kabisa kabla kabari haijaachia, kabari huweza kubaki ndani ya bomba.
2. Vuta stemu nje. Ikiwa imeshikwa na kutu, tumia mafuta ya kulainisha kutu na uyape muda, usitumie moto.
3. Safisha ndani ya bomba na uchunguze kama kuna ufa.
4. Paka grisi kwenye shina la adapta, kabari na hesi za bolti. Usipake grisi mahali stemu inaposhika usukani.
5. Ingiza adapta hadi alama ifichike, kisha kaza bolti yake.
6. Vika stemu juu ya silinda, inyooshe sambamba na gurudumu, na ukaze bolti za ubavuni kwa zamu, kidogo kidogo. Kiasi cha nguvu huandikwa kwenye stemu kwa alama ya Nm, usikizidishe.
7. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Waya wa breki ukivutika au ukijikunja, ni mfupi na sharti ubadilishwe.

Tufahamu pia kwamba adapta hairekebishi gololi. Usukani ukicheza mbele na nyuma, dawa yake ni ile nati ya zamani iliyo juu ya bomba la foko, wala si bolti ya stemu.

Ukaguzi kabla ya kupanda

Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu katikati ya magoti, na ujaribu kuupinda usukani kwa nguvu. Usisogee. Bonyeza usukani kwa uzito wako. Usishuke wala kuzunguka. Rudia ukaguzi huu baada ya siku chache za kwanza, kabla ya kubeba mtoto au mzigo.

Haki ya mnunuzi

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Mwombe muuzaji aandike vipimo kwenye risiti, kwa mfano: “adapta, shina 22.2, silinda 28.6”. Kipuri kisipolingana na maandishi hayo, risiti ndiyo shahidi wako. Usikubali kishindiliwe au kisagwe kwa tupa ili kiingie, kwa maana kipuri kilichokwisha kuguswa na tupa ni vigumu kukirudisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini shina lizamishwe hadi alama ifichike?
2. Ni vipimo gani viwili vya adapta vinavyopaswa kuandikwa kwenye risiti?
3. Kwa nini baiskeli yenye breki za fito isibadilishwe stemu peke yake?