Bima ya Vifaa vya Mradi: Hasara Huwa ya Nani Kabla ya Makabidhiano?

Paneli za sola, pampu na nyaya zimefika kisimani. Mafundi wanatarajiwa kuanza kuzifunga wiki ijayo. Usiku, wezi wanakata ua na kutoweka na nusu ya paneli. Hasara hiyo ni ya nani?

Mikataba mingi ya ujenzi humwachia mkandarasi jukumu la vifaa hadi mradi ukabidhiwe. Asipokuwa na bima, hununua vingine kwa fedha zake. Mkandarasi mdogo, kwa mfano kikundi cha vijana au akina mama waliopata zabuni kupitia mpango wa AGPO, anaweza kufilisika, nao wakazi wakaendelea kuchota maji mtoni.

Kinacholindwa
Bima ya kazi za ufungaji hulinda vifaa vinavyosubiri kufungwa na kazi iliyokwisha kufanyika dhidi ya moto, mafuriko, wizi na ajali. Zana na mitambo ya mkandarasi hulindwa zikiorodheshwa. Vifaa vilivyo njiani au kwenye ghala mbali na eneo la mradi mara nyingi huhitaji kutajwa waziwazi. Bima ya lori haitoshi, kwani hulinda lori, si mzigo.

Kisicholindwa
Kwa kawaida bima hii hailipii uchakavu, gharama ya kurekebisha kazi mbovu, faini za kuchelewesha mradi, wala upungufu unaogunduliwa tu wakati wa kuhesabu vifaa.

Isichanganywe na dhamana ya utekelezaji, ambayo humlinda mwenye mradi iwapo mkandarasi atashindwa na kazi. Wafanyakazi wanaoumia nao wana bima yao, chini ya sheria ya WIBA ya mwaka 2007.

Thamani kamili
Vifaa vya Sh4,000,000 vikikatiwa bima ya Sh3,000,000, mkandarasi amelinda robo tatu tu. Hasara ya Sh400,000 ikitokea, kampuni inaweza kulipa Sh300,000, tena kabla ya kuondoa kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kulingana na hati.

Hatua za kufuata
1. Bima ikatwe kabla ya vifaa kusafirishwa, kutoka kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA).
2. Muda wake ufike siku ya makabidhiano. Mradi ukichelewa, uongezwe kabla haujaisha.
3. Stakabadhi, nambari za vifaa na picha zihifadhiwe mbali na eneo la mradi.
4. Wizi ukitokea, mkandarasi aripoti polisi mara moja, apate nambari ya OB na kuiarifu kampuni ya bima.

Bima haiondoi haja ya mlinzi, ua na taa. Wakazi pia wana sehemu yao: anayeona vifaa vikihamishwa usiku aripoti kwa chifu au kituo cha polisi. Fidia huchukua muda, na katika muda huo mfereji hubaki mkavu.