Tonado na Miji Miwili ya Kansas

Usiku wa tarehe 4 Mei, 2007, Greensburg, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Kansas nchini Marekani, ulipigwa na tonado yenye upana wa kilometa 2.7 hivi, yaani pana kuliko mji wenyewe. Karibu asilimia 95 ya mji iliangamia. Kati ya wakazi wapatao 1,500, walikufa watu 11 hivi. Nusu karne kabla yake, usiku wa tarehe 25 Mei, 1955, mji wa Udall katika jimbo hilo hilo, wenye watu wapatao 600, ulipatwa na msiba wa namna hiyo. Huko walikufa watu wapatao 80. Tonado zote mbili zimewekwa katika daraja la tano, lililo la juu kabisa. Tofauti ya vifo, basi, haikutokana na nguvu za upepo.

Tonado isichanganywe na kisulisuli kizoacho vumbi na karatasi uwanjani wakati wa kiangazi. Kisulisuli huanzia chini, juu ya ardhi iliyopata joto, hata mbingu ikiwa nyeupe. Tonado hutokana na wingu kubwa la mvua ya radi.

Katika miezi ya Aprili hadi Juni, hewa ya joto yenye unyevu husafiri kutoka Ghuba ya Mexico hadi tambarare za Kansas, na juu yake hupita hewa kavu na baridi. Hewa ya chini, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda kwa nguvu. Hayo peke yake huleta radi na mvua tu. Lakini upepo wa juu ukivuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini, hewa ya katikati hubiringika kama penseli kati ya viganja viwili. Hewa inayopanda huliinua biringiko hilo likasimama wima. Nalo likibanwa likawa jembamba, kasi yake huongezeka.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa jiwe dogo lililofungwa uzi uliopitishwa ndani ya kipande cha mwanzi. Jiwe likizungushwa, kisha uzi ukavutwa chini, duara hupungua na jiwe hukimbia zaidi: nusukipenyo kikipungua kwa nusu, kasi huwa mara mbili. (Afadhali jaribio hili lifanyike nje.) Hata hivyo, mawingu mengi yanayozunguka hayazai tonado, na sababu yake bado inachunguzwa.

Zamani Wamarekani walishauriwa kufungua madirisha ili kanieneo ya hewa ya ndani ilingane na ya nje, nyumba isipasuke. Ushauri huo ulikuwa wa hatari. Nyumba hubomolewa na upepo unaoingia na kung'oa paa, na aliyeshughulika na madirisha alipoteza muda wa kujificha.

Muda ndio uliokosekana Udall: wengi walikuwa wamekwisha kulala, na onyo halikuwafikia. Greensburg ilikuwa na msaada wa rada ya Dopla, ambayo hupima kasi ya matone ya mvua yanayoisogelea au kuiacha, na hivyo huonyesha mzunguko ndani ya wingu hata gizani. Ving'ora vililia dakika 20 hivi kabla ya upepo kufika, na watu wakateremka katika vyumba vya chini ya ardhi. Rada haikuokoa ukuta hata mmoja. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 777 tu.